Aldebarani au Adabarani?

SWALI: Mwalimu, hujambo. Binti yangu anaandaa bango la sayansi kuhusu nyota angavu kuliko zote katika kundinyota la Ng'ombe. Kitabu chake kinaiita Aldebaran. Kwa Kiswahili aandike Aldebarani? Jirani yetu ajuaye Kiarabu anashikilia kwamba ni Adabarani. Tena, ni "nyota kubwa" au "nyota jitu"? – Mzazi, Eastleigh, Nairobi.

JIBU: Aandike Aldebarani. Lakini jirani yenu ana hoja nzito, nami nafurahi ameitoa.

Jina ni la Kiarabu, al-dabarān, yaani afuataye nyuma. Katika Kiarabu, l ya al humezwa na baadhi ya konsonanti za ncha ya ulimi, d ikiwa mojawapo. Huandikwa al, hutamkwa ad-dabarān. Kiswahili kilipopokea maneno ya namna hii kwa sikio, kilipokea na mmezo huo. Sikiliza nyakati zetu za siku: alfajiri na alasiri zina l, ila adhuhuri haina, kwa sababu dh yake imetokana na sauti inayoimeza. Jina la nyota hii lingetufikia kinywani mwa mabaharia peke yake, tungetarajia Adabarani. L hiyo imepitia kalamu: wasomi wa Ulaya wa zama za kati waliandika jina kwa Kilatini wakifuata herufi za Kiarabu, si matamshi, na vitabu vya leo vimerithi kwao. Mwaka 2016 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliidhinisha Aldebaran kuwa jina rasmi. Sisi tunaongeza irabu ya mwisho tu, na mtoto akitafuta nyota yake kwenye ramani yoyote ya anga ataitambua.

Inafuata nini? Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wahenga walikitazamia misimu: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kilimia huchomoza mashariki kwanza, na kabla saa moja haijatimia Aldebarani nayo imetokea nyuma yake. Mpeleke binti nje mwezi Januari, saa tatu usiku, mbali kidogo na taa za barabarani. Ataiona karibu na utosi, upande wa kaskazini, na jina litajieleza lenyewe.

"Nyota kubwa" siipendekezi. Wengi wetu tukisema hivyo tunamaanisha ile inayong'aa sana, na mara nyingi huwa ni Zuhura, ambayo ni sayari. Aldebarani, iliyo umbali wa miaka ya nuru 65 hivi, ina kipenyo kinachozidi cha Jua zaidi ya mara 40. Uso wake una joto dogo kuliko wa Jua, ndiyo maana rangi yake ni ya chungwa. Hiyo ni nyota jitu. Upatanisho ufuate nyota: "nyota jitu hii inang'aa". Jitu likisimama peke yake, hapo ndipo tunasema "jitu hili linang'aa".