Kabla hujaagiza nyuzi za kaboni zenye ukakamavu zaidi

Mhandisi anayeanza kubuni mapaa na madaraja kwa nyuzi za kaboni hufungua jedwali la muuzaji, na macho yake hukimbilia safu ya nguvu. Mimi ningemshauri aanze na safu ya ukakamavu, yaani jinsi kitu kinavyokataa kuvutika au kunepa, kwa kuwa boriti ndefu na nyepesi hunepa na kutikisika kupita kiasi muda mrefu kabla haijakaribia kukatika.

Uzi wa kawaida kama T700 wa Toray, kampuni ya Japani, una ukakamavu wa gigapaskali 230, M40J una 377, na M55J hufikia 540, ilhali feleji ina takriban 200. Hata hivyo, hizo ni namba za uzi mtupu. Nyuzi zikishashikamanishwa kwa epoksi, gundi inayogeuka ngumu, zikiwa asilimia 60 ya ujazo, ule wa 230 hubakiwa na kama 135 kufuata urefu wa nyuzi, na kama 10 tu kwa upande wa kukingama. Ndiyo maana boriti ya uzi wa kawaida hunepa kuliko ya feleji yenye umbo lilelile ikibeba mzigo uleule, ingawa uzito wake ni kama moja ya tano.

Katika kazi zangu za mwanzo nilibadilisha uzi wa mirija ya paa la kivuli nikaweka ulio ghali zaidi, na mnepo ukapungua kidogo mno. Sababu ilikuwa mbele ya macho yangu: nusu ya matabaka yalikuwa yamelazwa kwa pembe ya digrii 45, kwa hiyo uzi huo wa thamani haukuelekea unakopita mzigo. Tena, umbo lingenisaidia kwa gharama ndogo. Mrija wenye ukuta mwembamba, ukipanuliwa kipenyo kwa asilimia 20 bila kubadili unene wa ukuta, huongeza ukakamavu wake dhidi ya kunepa kwa asilimia 73 hivi.

Uzi mkakamavu una madai yake. M55J hukatika ukivutwa kwa asilimia 0.8 ya urefu wake, wakati T700 huvumilia hadi 2.1, kwa hiyo tundu la bolti, pigo la nyundo au kona kali huudhuru upesi zaidi, na uwezo wake wa kuhimili mgandamizo ni mdogo kuliko ule wa mvuto. Nauchagua pale tu kimo cha boriti hakiwezi kuongezwa, au ninapoimarisha boriti kuukuu za feleji kwa kubandika vibamba, kwa sababu kibamba kilicho laini kuliko feleji hupokea sehemu ndogo sana ya mzigo.

Usikubali jedwali la uzi peke yake. Mwombe mtengenezaji vipande vya majaribio vyenye mpangilio uleule wa matabaka utakaojenga nao, vipimwe kwa kuvutwa na kwa kugandamizwa, kisha tumia matokeo hayo katika hesabu zako.