Kidole kimegoma kuingia kwenye mkasi

Mi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, kwa hiyo ugonjwa wangu niliuonea kwenye mkasi. Siku hiyo kidole cha kati kikagoma kuingia tunduni, kimevimba chote toka shinani mpaka kwenye kucha kama soseji, na kisigino nacho nikishuka kitandani asubuhi sikanyagi, mpaka saa nzima ipite ndo mwili unaachia.

Daktari akapima damu, asidi ya yuriki ikaonekana iko juu kidogo, akasema hii gauti, ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi hiyo, acha nyama nyekundu, acha dagaa. Haya. Miezi minne sijagusa dagaa, na mtu wa pwani unajua maana yake nini, kidole kiko vilevile na jirani yake kaanza. Nikarudi, wakapima rumatoidi fakta, kipimo cha damu cha baridi yabisi, hamna, basi nikaambiwa baridi yabisi sio, endelea na dawa za maumivu.

Kutafuta daktari wa pili niliona aibu jamani, kama namsengenya yule wa kwanza. Mama mdogo ndo kaniuliza, kwani wateja wako hawapeleki nguo kwa fundi mwingine? Wanapeleka. Na we unanuna? Nanuna. Basi mwache naye anune, we nenda.

Nikapanda basi la Moshi. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, ila mi hata sikujua kama nna shida ya ngozi, nilifata jina la hospitali tu. Nilichofanya cha maana ni kubeba makaratasi yote ya vipimo, picha ya eksirei, maboksi ya dawa, na picha za simu za kidole siku kilipovimba kweli, maana ukifika kwa daktari uvimbe nao unajifanya mgeni.

Daktari wala hakuanza na kidole. Bibie, naomba uvue ushungi. Nyuma ya masikio na kichwani nna magamba meupe, miaka yote naita mba, napaka mafuta ya nazi. Akageuza kucha zangu kwenye mwanga, zina vidoti vidoti vya kubonyea, kastabini tupu! Akauliza kwenu nani ana magamba, nikamkumbuka marehemu baba na viwiko vyake.

Akasema inaelekea ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa magamba, imeingia kwenye viungo. Rumatoidi fakta kwa ugonjwa huu mara nyingi haionekani, na yuriki inaweza kupanda kwa mwenye soriasisi, kwa hiyo vipimo havikudanganya, ila vilisomwa bila kuangalia kichwa. Na mi ndo nilikificha, sikuulizwa sikusema. We ukienda sema vyote, kucha, kitovu, mgongo, macho yakiwa mekundu yanauma, hata kama unaona havihusiani.

Usikae mwaka unasikilizia, kiungo kikishaliwa hakirudi. Na predinisoloni, zile dawa za steroidi za kushusha uvimbe, za kujinunulia duka la dawa achana nazo, ukizikatisha ngozi inaweza kulipuka vibaya.

Mi nimeandikiwa methotreksati, inamezwa mara moja kwa WIKI, sio kila siku, ukikosea hapo ni hatari kweli, na damu na ini vinapimwa, na mwenye mimba au anayetafuta mtoto haimhusu kabisa. Yangu ni Ijumaa, nimeandika kwa chaki ukutani juu ya cherehani.

Barua ya Moshi nikampelekea yule daktari wa kwanza. Hakununa. Kaishika mikono yangu, kaziangalia kucha weee, afu akaomba azipige picha.