Kwa nini setilaiti nne na si moja?
Ndugu, umeuliza kwa nini NASA walirusha setilaiti nne za MMS, mradi wa kuchunguza usumaku wa Dunia huko angani, mwaka 2015 ilhali hata moja hupima usumaku wa Dunia. Shida ni kwamba moja ikiona vipimo vimeruka ghafla, hujui kama uga wa sumaku wenyewe umetikisika au setilaiti imekatiza tu mpaka wa eneo linalotawaliwa na usumaku wa Dunia. Na mpaka huo hautulii, upepo wa jua, yaani chembe zinazotiririka kutoka kwenye Jua, unausukuma huku na huku. Zikiwa nne, zimepangwa kama piramidi ya pembetatu, unaangalia ipi imeguswa kwanza, ukapata mwelekeo na kasi ya mtikisiko. Hata mkondo wa umeme unaopita katikati yao unakokotoleka. Ulaya walitangulia na Cluster, setilaiti zao nne za aina hiyo, mwaka 2000. Halafu vipimasumaku huwekwa kwenye mkono mrefu, maana chombo chenyewe nacho kina usumaku wake.