Barua kwa mwanangu: uwanja mweupe wa Nala

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Kondoa. Sisi hatujambo, na mguu wa baba yako umepungua kuuma, ameanza tena kwenda msikitini mwenyewe.

Ujumbe wako nimeusoma. Umesema nyumba imeisha na hela nayo imeisha, uwanja wenu hapo Nala, Dodoma, umebaki mweupe kama uwanja wa mpira, vumbi linawafuata hadi kwenye sufuria, jirani kamwaga pevingi kuanzia getini mpaka ukuta wa nyuma, na wewe una laki tatu tu mkononi. Unauliza uanzie wapi. Nimeona nikuandikie barua, maana mambo ya simu husahaulika, na mkwe wangu naye nataka ayasome.

Anzeni na fagio. Kila nikija kwenu namkuta binti wa kazi asubuhi na mapema anafagia kiwanja kizima, kisha majani anayachoma pembeni. Uwanja unapendeza, sikatai, na sisi wenyewe ndivyo tulivyowalea. Lakini fagio la chelewa kila siku linaondoa ule udongo laini wa juu, ndio wenye rutuba, na kuacha ngozi ngumu ambayo mvua inateleza juu yake. Afagie barazani, njia ya getini na hatua chache kuzunguka nyumba, watoto waone mahali pa kucheza na nyoka wasipate maficho. Huko kwingine aache. Majani ya porini yakiota baada ya mvua, kijana ayapunguze kwa fyekeo, asiyang'oe. Mtaona vumbi linavyopungua bila kutoa senti.

Usidhani nabuni. Nilikuwa msichana mdogo mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulipokuwa hapa Kondoa. Ulianza 1973, wakachimba makingamaji na kupanda miti, lakini makorongo yaliendelea kula ardhi. Mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote iondolewe kwenye eneo lililoharibika. Watu walilia, wengine walipeleka ng'ombe kwa ndugu mbali huko. Lakini majani na vichaka vilirudi vyenyewe, hakuna aliyevipanda. Ndiyo maana baadaye, nikiwa bibi shamba, sikuwahi kumwambia mtu aanze na kununua.

Sasa habari ya greda. Nimesikia mkwe wangu anataka kukodi greda lisawazishe kiwanja na kung'oa visiki. Mwambie asubiri, tena kwa heshima zote. Jirani zetu wa Kongwa wanajua mashine zinavyoacha ardhi: baada ya vita Waingereza walileta matrekta wakafyeka pori ili walime karanga, kiangazi kikaja, udongo ukakauka na kushikana mpaka karanga zenyewe zikawa taabu kuzing'oa. Kufika 1951 mradi ukafutwa.

Hivyo visiki anavyotaka kuving'oa ndiyo miti yenu ya bure. Nilipita nyuma ya nyumba mara ya mwisho nikaona migunga imechipua pale karibu na rundo la kokoto, vijiti vingi vimesongamana. Mizizi yake ipo chini tayari, imeshafika kwenye unyevu ambao mche wa kununua utautafuta kwa miaka. Chagueni vijiti vitatu vinne vilivyonyooka na vyenye nguvu, vingine kateni. Hivyo mlivyobakiza, ondoeni matawi ya chini, mfunge kitambaa chekundu ili kibarua asije akavifyeka, na mzungushie miiba mbuzi wa jirani wasile. Hiki ndicho wanachokiita Kisiki Hai, shirika la LEAD Foundation limekifundisha vijiji vingi vya Dodoma.

Lililo kubwa kwenu ni maji, na hapa nataka mkae mpige hesabu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka ni milimita kama 550 hadi 600. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lenu nakadiria ni mita za mraba 150. Mvua moja ya milimita 20 inamwaga hapo lita 3,000, na kwa mwaka mzima, hata ukitoa zinazopotea, ni zaidi ya lita 60,000. Leo hii zote zinakimbilia barabarani. Kama hela ya gata haipo, chimbeni mtaro pale matone yanapoangukia, mjaze kokoto na matofali yaliyovunjika (nimeyaona, msiyatupe), kisha muuelekeze kwenye mashimo ya miti. Tangi litakuja siku nyingine.

Miti ya kununua iwe mitano, isizidi. Miarobaini miwili upande wa magharibi, maana jua la jioni linaingia moja kwa moja sebuleni. Ikae mita sita au zaidi kutoka ukutani, na mbali zaidi na shimo la choo. Miembe miwili ya kubebeshwa, na mkwaju mmoja huko nyuma kabisa kwa ajili ya wajukuu wangu.

Mashimo yachimbwe sasa hivi, kabla ya mvua: futi mbili kila upande na kina futi mbili. Udongo wa juu uwekwe kulia, wa chini kushoto. Samadi hapo Dodoma si tatizo, kirikuu moja kutoka kwa wafugaji inawatosha. Ila msiipokee kwa macho tu. Ingiza mkono katikati ya lundo: ikiwa na joto bado haijaiva, itaunguza mizizi. Iliyoiva inapukutika vidoleni na hainuki. Changanya madebe mawili na ule udongo wa juu, urudishe shimoni, lakini usijaze hadi juu. Acha kina cha kiganja maji yatuame. Upande wa mteremko inua udongo nusu duara uyazuie. Zile bustani za kwenye picha zenye matuta yaliyoinuka ni za nchi zenye mvua nyingi, sisi tunapanda shimoni. Juu funika kwa majani makavu, ila yasiguse shina, mchwa wa huko hawana simile. Kiangazi cha kwanza kila mti upate ndoo moja mara mbili kwa wiki. Maji ya kufulia yanafaa, isipokuwa yale yenye dawa ya madoa.

Kivuli cha barazani ndicho kinachonifurahisha kuliko vyote, maana mnaishi kwenye mkoa wa zabibu mkiwa hamna hata mzabibu mmoja! Wakulima wa Hombolo na Mpunguzi wakipogolea, matawi huyatupa au huyachoma. Nendeni mkaombe. Chukueni tawi lililokomaa, unene wa penseli, lenye macho manne, mawili yaingie kwenye udongo wa kiriba, ule mfuko wa kuoteshea miche, na mawili yabaki juu, mkiweke kivulini mpaka lishike. Mkitaka ushauri wa aina za zabibu, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI kipo Makutupora, si mbali. Mirunda iliyobaki kwenye ujenzi itatosha kujenga kichanja. Kupogolea mtajifunza polepole. Mkizembea mtakosa zabibu lakini kivuli mtakipata.

Majani ya bustani je? Pasipalamu inataka maji ambayo hamna. Pandeni ukoka, kipande kidogo tu mbele ya baraza, mita tano kwa sita. Mvua ikishalowanisha udongo vizuri, ombeni vipande kwa mwenye nao mvichomeke kila baada ya shubiri moja. Pevingi za jirani msizitamani, aje tuulizane saa nane mchana mwezi wa Oktoba.

Ukuta mtajenga mkipata. Kwa sasa upande wa nyuma chomekeni minyaa. Isikaribie wanapocheza watoto, utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali moja kwa moja.

Bogenvilia msinunue. Nitakata vipande vya ile nyekundu ya dirishani kwangu mvua zikikaribia, nivifunge kwenye gunia bichi nimpe kondakta wa basi la asubuhi. Mtu awepo stendi kuvipokea, visishinde kwenye buti la gari juani. Na hiyo laki tatu itoke kwa kirikuu, vibarua wa mashimo na miche mitano. Ikibaki chenji nunueni viriba.

Mkwe wangu msalimie sana, na wajukuu wangu wote.

Ni mimi mama yako.