Kitabu chako kimewekwa bure kwenye seva ya Marekani: uanzie wapi?

Pole sana, ndugu. Umeuza PDF yako kwa jasho hapo Mwanza, halafu tovuti yenye seva Marekani inaigawa bure, nawe unauliza kama sheria ya Tanzania itakufikisha huko.

Usianzie hapa nyumbani. Tanzania na Marekani zote zimo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, kwa hiyo kazi yako inalindwa kule pia. Sheria yao ya hakimiliki mtandaoni, DMCA ya 1998, ndiyo yenye meno ya haraka: mwandikie mwenye seva (si mwizi, huyo atakuzungusha tu) notisi ya kutaka kitabu kiondolewe, taja kitabu, viungo kamili, mawasiliano yako, kisha saini. Piga picha za skrini kwanza. Ukidanganya, unaweza kushtakiwa wewe.

Kenya nayo iliingiza utaratibu wa notisi mwaka 2019. Umoja wa Ulaya, mwaka huohuo, ilibana zaidi majukwaa makubwa yanayopokea kazi za watumiaji.

Hata hivyo, kasajili kitabu COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ushahidi wa umiliki utakufaa. Aliyekiweka kitabu mtandaoni akipinga notisi, tafuta wakili haraka: Marekani una siku 10 hadi 14 za kazi kufungua kesi, la sivyo faili hurudishwa.