Usiguse hiyo "the government are" kwenye ripoti ya Mwingereza

Mkuu, simama hapo hapo. Unasema mteja wako wa Leeds amekutumia ripoti uihariri, umekuta "the government are" na "different to", na unataka kuzinyoosha zote kabla ya Ijumaa. Usinyooshe. Hazijapinda.

Mimi nilipewa kitabu kizima cha mwandishi wa Uingereza. Kila penye "the committee have decided" nikaweka "has". "At the weekend" nikaigeuza "on the weekend". Tena ukishafanya "are" kuwa "is", "their" inayofuata nayo lazima iwe "its", na hapo ndipo maana inapohama: sentensi iliyosema wachezaji wanavua jezi zao ikawa klabu inaleta jezi mpya! Mwandishi alikaa kurudisha maneno yake moja moja. Malipo yakakatwa, vitabu vilivyofuata akampa mhariri mwingine, na huyo ndiye mteja aliyekuwa ananilipia kodi ya nyumba.

Hasira zangu zote ni kwa mkufunzi wetu wa kozi ya uhariri. Alitukaririsha kwamba kundi ni kitu kimoja, basi kitenzi kiwe cha umoja, nukta. Hakusema hata siku moja kwamba huo ndio mtindo wa Marekani. Uingereza kundi likitazamwa kama watu, wingi ni halali kabisa; fungua kurasa zao za michezo uone "England are" ilivyojaa. Akatupigia wino mwekundu pia kila tulipochomeka neno kati ya "to" na kitenzi, kama "to boldly go". Sawa, Henry Alford, kiongozi wa kanisa kuu la Canterbury huko Uingereza, aliikemea tabia hiyo mwaka 1864. Lakini mwaka 1926 H. W. Fowler, ambaye wahariri wa Kiingereza wanamheshimu mno, aliandika kwamba ni heri kutenganisha "to" na kitenzi kuliko kuandika sentensi yenye utata au ya kujilazimisha. Mkufunzi anafundishaje la Alford kama amri, la Fowler akalifungia kabatini? Na sisi tunaosema "kutosoma", tumechomeka "to" katikati kabisa, nani amewahi kutukatia alama?

Kwa hiyo shika hili: usibadili neno hata moja kabla hujajua mwandishi anaandika Kiingereza cha wapi na wasomaji wake wako wapi. Mwandikie leo hii, umuulize na kama shirika lake lina mwongozo wa uandishi. Akijibu Uingereza, "different to" iache ilivyo, kwao ni ya kawaida, na kazi yako kwenye "government" ni kuangalia asiseme "are" ukurasa huu na "is" unaofuata bila sababu. Pakikutatiza, weka swali pembeni ajibu mwenyewe. Matini usiiguse.