Karatasi kwanza, kompyuta baadaye

Anayejifunza programu akianza kwa kukariri amri za Python, lugha ya kuandikia programu, hukwama siku anayoambiwa aandike kitu chake mwenyewe. Amri anazo, ila kupanga hatua hakujui. Tunamshauri aanze na mafumbo mawili, kalamu mkononi.

La kwanza ni kubahatisha namba. Mwenzako anaficha namba kati ya 1 na 100, na kila ukitaja anakujibu "ongeza", "punguza" au "umepata". Chora jedwali la safu tatu: chini, juu, kati. Kati ni chini jumlisha juu, gawanya kwa 2, desimali tupa. Tuseme kaficha 73. Unataja 50, anasema ongeza: chini inakuwa 51. Unataja 75, anasema punguza: juu inakuwa 74. Kisha 62, 68, 71, halafu 73. Mara sita tu, na hata akifanya ujanja wa namna gani hutazidi saba, kwa sababu kila jibu linatupa nusu ya namba zilizobaki.

Ukihamia kwenye kompyuta, kosa linalowapata wengi ni kuandika chini = kati badala ya chini = kati + 1. Programu itafanya kazi kwa 50 na kwa 75, utafurahi. Mtu akificha 100, itafika chini 99, juu 100, kati 99. Jibu ni ongeza, chini inabaki 99, na hapo itazunguka bila kikomo. Ndiyo maana programu ijaribiwe kwa namba za pembeni, 1 na 100, kabla ya za katikati.

La pili mmelisoma shule ya msingi: kigawo kikubwa cha shirika, KKS, yaani namba kubwa kuliko zote inayogawanya namba mbili bila baki. Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, aliandika njia ya kuipata miaka 2,300 hivi iliyopita, na bado ni fupi kuliko ya kuorodhesha vigawo. Chukua sakafu ya sentimita 252 kwa 105. Unatafuta kigae kikubwa cha mraba kitakachoijaza bila kukatwa. Gawanya 252 kwa 105, inabaki 42. 105 kwa 42 inabaki 21. 42 kwa 21 haibaki kitu. Kigae ni cha sentimita 21.

Kwenye Python, a ikianza na 252 na b na 105 (while ni "rudia maadamu", != ni "si sawa na", % ni baki ya kugawanya), jibu litabaki kwenye a:

while b != 0:
    a, b = b, a % b

Ukiutenganisha mstari wa pili, a = b mstari mmoja na b = a % b unaofuata, utapata 105. Thamani ya zamani ya a imeshafutwa, kwa hiyo unagawanya 105 kwa 105. Ni sawa na kubadilishana chai na maziwa yaliyo kwenye vikombe viwili: bila kikombe cha tatu utamwaga kimoja. Hicho cha tatu ni baki = a % b, kiandikwe kwanza.

Jaribu pia kuanza na 105 kisha 252. Mzunguko wa kwanza unazipindua wenyewe, huhitaji amri ya kuangalia ipi kubwa.